Shimo Namba Saba

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Bikizee, lile gari kongwe la Mkunga, karudi. Kwa kamba! Wiki tano tu tangu atoke getini akiunguruma kwa raha, sisi sote tumejipanga kumpungia mkono, na leo kavutwa na pikapu ya jirani, kimya kabisa.

Mkunga ndiye aliyeshika usukani nyuma ya kamba. Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Alisema tu rejeta inakunywa maji kila siku, chini hakudondoki hata tone, na leo asubuhi taa ya oili imewaka. Gari hilo amelitumia miaka thelathini kwenda kuzalisha wanawake. Mke wangu mwenyewe alizaliwa mikononi mwake. Mtu wa namna hiyo akikwambia ndani kuna kitu, ujue kipo.

Nikafungua kifuniko cha oili. Ute mzito, rangi ya chai ya maziwa. Kijiti cha kupimia, hivyo hivyo. Mzee, baba mkwe wangu, alikuwa nyuma yangu. Akauchota ule ute kwa kidole, akausugua, akaunusa, akajifuta kwenye ovaroli.

"Anachanganya," akasema.

Maji na oili, kitu kimoja. Injini tuliyoifunga wenyewe mwezi wa Januari! Aliyoifunga yeye, niseme ukweli. Hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, haifungi mtu mwingine hapa.

Naandika nikiwa nimekaa kiti cha nyuma cha basi bovu. Daftari nalificha kwenye boksi la gasketi zilizokosa gari. Nyumbani hakuna pa kulificha. Vyumba viwili nyuma ya gereji, na vyote ni vya baba mkwe. Kutoka lazima nipite mbele ya meza yake ya kazi. Kurudi, vile vile. Nikienda kununua vocha naulizwa naenda wapi. Nina miaka thelathini na tisa, ndevu zimeanza mvi, na mbele ya wateja naitwa kijana.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Tusikurupuke. Ute chini ya kifuniko peke yake si ushahidi. Gari la safari fupi fupi, injini haipati moto wa kutosha, mvuke unaganda huko juu. Lakini na kijiti pia? Na kwenye rejeta nimekuta utando wa oili unaelea. Basi huo si mvuke.

Nimepima mgandamizo, silinda zote nne. Zinakaribiana vizuri. Plagi zote kavu. Kwa hiyo maji hayaingii kwenye moto, yanaingia moja kwa moja kwenye oili. Nikatia presha ya upepo kwenye rejeta, nikakaa kuangalia mshale. Unashuka. Polepole, lakini unashuka, na chini pakavu. Yanatorokea ndani kwa ndani.

Mzee kasema ni gasketi ya hedi, ile pedi ya kuziba kati yake na injini. Nikasema ndiyo, baba. Hiyo ndiyo kazi yangu ya pili baada ya ufundi, kusema ndiyo, baba.

Mkunga kaja na kiti chake cha kukunja. Anasema hana haraka, ila asifichwe kitu. Amekaa kivulini na sweta lake la kufuma, anafuma na kuangalia.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Tumefungua hedi.

Bolti kumi. Kila moja ina tone la rangi nyekundu kichwani. Ndiyo sheria ya hapa: aliyekaza bolti ndiye anayeitia rangi, ili siku ikifunguliwa ijulikane ni mkono wa nani. Mzee nyekundu. Mimi buluu. Buluu yangu iko kwenye magurudumu, kwenye sampu ya oili, kwenye vishikio vya injini vya nusu ya magari ya mji huu. Kwenye hedi, hakuna hata tone moja. "Hedi naifunga mimi," ndiyo kauli yake, na anakunyang'anya spana hata kama mteja yupo. Hasa kama mteja yupo!

Gasketi nzima. Haijaungua, haijakatika. Mzee kaigeuza mara nne, kaipeleka juani, kavaa miwani, kavua miwani. Nzima.

Mkunga akauliza kutoka kwenye kiti chake kulikoni. Mzee akakuna kichwa. Mkunga akasema yeye amezalisha wanawake wasiohesabika na hajawahi kumwacha hata mmoja wazi mezani halafu akaanza kukuna kichwa. Nilicheka. Mzee hakucheka. Nikaacha kucheka.

Kisha kakata kauli: kama si gasketi, ni hedi yenyewe. Milimita, mchonga vyuma wetu, kaisawazisha vibaya.

Milimita! Watu hao wawili wanafanya kazi pamoja tangu mke wangu hajazaliwa.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Tumekwenda kwa Milimita na hedi kwenye toroli. Kwake ni chumba kimoja, mashine tatu, na sakafu unayoweza kulalia. Jina hilo alipewa na mafundi kwa sababu hajawahi kusema "kidogo" au "kiasi" maishani mwake.

Mzee hakumsalimia vizuri. Alisema hedi imepinda, na iliyopinda imetoka hapa. Mbele ya wateja wake wawili! Milimita akajifuta mikono taratibu. Akaweka rula yake ya chuma juu ya hedi, akachukua karatasi ya sigara, akaipitisha kila mahali. Haipiti. Akaziba matundu, akatia upepo, akaizamisha kwenye pipa la maji. Tukasimama watatu tunaangalia maji, robo saa nzima. Hakuna kiputo hata kimoja.

"Hedi yangu ni nzima," akasema Milimita. Basi.

Mzee aligeuka akaondoka. Hakuomba radhi. Kofia yake ikabaki juu ya mashine.

Milimita alinipa kofia. Hakuiachia mara moja, ilibaki katikati yetu. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, mashimo ya bolti mliyapuliza namna gani. Nikasema kwa upepo, mzee wangu, kama siku zote. Akaniangalia. Akasema sawa.

Nimeandika swali lake. Leo siandiki zaidi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mkanda wa kompresa umekatika. Nimeubadilisha. Chai na mkate mchana.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeipata. Afadhali nisingeipata!

Tumeshusha injini; bloku, mwili wake wa chuma, iko kwenye stendi. Mzee alisema nitumie chaki. Unapaka mafuta ya taa, unayaacha yanywewe, unafuta mpaka pakauke, unapaka unga wa chaki. Chuma kizima kinabaki cheupe. Chuma kilichopasuka kinarudisha mafuta. Alinifundisha mwaka wa kwanza na sikuamini mpaka nilipoona.

Tukangoja. Mkunga naye kaacha kufuma, kasogea. Kwenye weupe wa chaki mstari mwembamba ukaanza kujichora, taratibu, bila haraka yoyote. Umeanzia kwenye shimo la bolti namba saba. Upande mmoja unafika kwenye tundu la maji, upande wa pili unafika kwenye njia ya oili. Injini ikiwaka oili inasukumwa kwenye maji. Ikizimwa maji yanarudi kwenye oili. Kila kitu kikajibika hapo hapo: rejeta, kijiti, ule ute.

Mzee akagusa ukingo wa shimo kwa kidole. Mkono ulikuwa unatetemeka. Unatetemeka tangu mwaka juzi, yeye huuficha mfukoni. Leo hakuuficha. Akasema, kama anayezungumza na bloku, "Namba saba." Akaenda kunawa. Akaenda kulala. Saa sita mchana!

Basi niandike. Hakuna mtu hapa.

Siku ile ya Januari nilikuwa nimenuna. Asubuhi nilishika ile spana ya kipimo, inayolia bolti ikikaza inavyotakiwa, nikasema kwa heshima zangu zote, baba, leo niifunge mimi? Mkunga kakaa pale pale. Mzee akaichukua mkononi mwangu akicheka. "Kijana, wewe osha." Basi nikaosha. Niliosha bloku kwa maji na sabuni, mdomo nimeuvuta mpaka kifuani. Baada ya kuosha, mashimo ya bolti lazima yapulizwe kwa upepo, yote kumi, mpaka yakauke chini kabisa. Shimo la bolti lina mwisho. Bolti ikikuta maji humo, maji hayana pa kutokea, na maji hayakubali kubanwa. Yatapasua chuma. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu, maana Mzee alinifundisha kwa kofi la kisogoni.

Nilipuliza sita. Umeme ukakatika. Upepo uliobaki kwenye tangi ukaishia shimo la sita. Manne yaliyobaki nikayafuta kwa kitambaa kilichozungushiwa bisibisi. Bisibisi fupi. Nilijua ni fupi! Umeme ulirudi baada ya nusu saa, ningeweza kungoja, lakini nilikuwa na hasira na nikaona akitaka hedi yake aifunge hivyo hivyo.

Mzee akauliza kutoka ndani, "Mashimo umepuliza?"

Nikajibu, "Nimepuliza, baba."

Ndiyo hivyo. Bloku imepasuliwa na mimi. Rangi nyekundu iliyo juu ya bolti ni yake, maji yaliyokuwa chini ya bolti ni yangu.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Gereji imefungwa. Mzee kaniita kwenye meza ya kazi, kaniambia nikae. Sijawahi kukaa kwenye meza ile. Wanaokaa ni wateja.

Alisema anaikumbuka namba saba. Ilikaza mapema kuliko wenzake, kisha ikalegea kidogo, ndipo spana ikalia. Alihisi kitu si sawa. Lakini Mkunga alikuwa anaangalia, na mkono ulikuwa umeanza kutetemeka, akaona aibu kuifungua tena. Akaivuta mara ya pili, kwa nguvu, kuwaonyesha watu na kujionyesha mwenyewe. "Nimevuta kupita kiasi," akasema. "Mkono haujui tena. Miaka hamsini ulikuwa unajua."

Anajua vizuri kwamba maji hupasua shimo. Ni yeye aliyenifundisha! Lakini hakuniuliza. Hata kwa macho. Mimi nilishasema nimepuliza, basi kwake yeye maji hayamo kwenye hesabu. Kati ya neno langu na mkono wake, ameutilia shaka mkono wake.

Nilisema, baba… Akaniinulia kiganja. Nisimtetee, alisema. Akafikiri nataka kumtetea!

Nimekaa kwenye basi bovu tangu saa nane. Wanangu pacha wamekuja kunichungulia dirishani, wakauliza kama basi linakwenda. Nimewaambia linangoja abiria. Wakapanda, wakakaa kidogo, wakachoka, wakashuka.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Amenipa spana ya kipimo. Ile yenyewe, na sanduku lake la mbao lenye kitambaa ndani. Miaka kumi na moja nimeitamani. Ameiweka kwenye mikono yangu na kusema ni yako sasa, kisha akavaa kofia, akatoka getini, akasimama nje. Hana anakokwenda. Kasimama tu nje ya geti lake mwenyewe anaangalia watu wanaopita.

Mpango wake ni huu. Tutafute bloku nyingine. Milimita aichonge. Jumamosi hedi ifungwe mbele ya Mkunga, nifunge mimi, nitie buluu. Yeye atamwambia Mkunga mwenyewe kwamba aliyeharibu ni yeye, na kwamba kuanzia siku hiyo hafungi tena kitu. Gereji niiongoze mimi.

Nilichokitaka chote kimekuja. Kwa mlango huu!

Niliifunika spana, nikaiweka chini ya meza. Sijaigusa tena.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Nimemwambia mke wangu, Mama Pacha.

Alikuwa anakunja nguo. Nilifunga mlango, nikamwambia yote, sita na manne, bisibisi, umeme, nimepuliza baba. Nilidhani atalia au atanirushia kitu. Alikunja shati langu, akalinyoosha, akaliweka juu ya mengine.

Kisha akauliza kama kuna mwingine anayejua. Nikasema Milimita anahisi. Akauliza kama Milimita atasema. Nikasema hapana, Milimita hasemi asichokipima.

"Basi nyamaza," akasema.

Nikamwambia hakusikia vizuri. Akasema amesikia. Miaka miwili anaishi roho juu. Kila akisikia chuma kimeanguka huko gereji anaacha alichoshika na kukimbia dirishani kuona kama ni baba yake yuko chini ya gari. Amemsihi apumzike, daktari amemsihi, shangazi zake wamemsihi, mzee hasikii. Leo ameacha mwenyewe, kwa mdomo wake. Halafu mimi nataka kwenda kumwambia mkono wako ni mzima, rudi chini ya gari? Nataka kuusafisha moyo wangu kwa uhai wa baba yake?

Nikasema lakini hajakosa yeye! Anajiona amekwisha.

Akasema amekwisha kweli, Baba Pacha. Tofauti ni kwamba safari hii amekubali.

Kila mlango ninaoujaribu kuna mtu amesimama, na kila mmoja ana haki yake. Nikisema, namrudisha mzee hatarini na kumwaga unga wangu mwenyewe. Nisiposema, ninarithi gereji ya mtu niliyemvunja. Na nitakaa humu humu, nipite mbele ya meza ile kila asubuhi, na yeye amekaa pale kama mteja.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Bloku imepatikana kwa watu wa vyuma chakavu. Namba zinalingana. Nimeisukuma kwa toroli hadi kwa Milimita peke yangu. Aliipokea, akaniandikia kipande cha karatasi, hakuniuliza kitu. Ningependa angeniuliza.

Mzee kamwagikiwa na chai kifuani. Kajifuta, kasema kikombe kibovu.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mzee katoka asubuhi kavaa shati la kwendea hospitali. Akaniambia nimsindikize. Tukaenda kwa Milimita.

Aliomba radhi. Mlangoni, amesimama, kofia mkononi. Alisema alimtukana bure, kosa ni lake mwenyewe, mkono umezeeka, na Milimita amsamehe. Milimita alizima mashine. Milimita hakumwangalia Mzee. Aliniangalia mimi. Alinipa muda. Nahesabu, alinipa muda wa kutosha kabisa mtu kusema sentensi moja.

Nilitazama sakafu. Safi mno.

"Shimo halipasuki kwa mkono wa mtu wa miaka sabini na moja," Milimita akasema mwishoni. "Ungekuwa na nguvu hizo ningekuajiri."

Mzee akacheka kidogo, akidhani ni utani wa kumfariji. Wakapeana mikono. Njia nzima ya kurudi alikuwa mwepesi, anasalimia watu. Alinishika bega, akasema kuomba radhi hakuui mtu, na angejua angeanza zamani.

Alisema hivyo. Mimi! Akaniambia mimi!

Nilifungua mdomo karibu na duka la matairi. Nikasema, baba, siku ile ya Januari umeme ulikatika. Akasema ehee, nakumbuka, ulikatika wakati mbaya. Akasimama kumsalimia muuza matairi. Wakaanza habari za miguu inayouma. Nikajikuta nimebeba kofia yake na mdomo uliokwisha kujifunga.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Bloku imerudi, imechongwa vizuri. Nimeiosha. Nimepuliza mashimo yote kumi. Nimerudia. Nimeweka kitambaa cheupe kwenye waya mrefu, nimeuingiza mpaka chini, kila shimo, kimetoka kikavu. Nimepuliza tena mara ya tatu. Mkunga aliuliza, natafuta dhahabu?

Anafuma lile sweta bado. La mtoto. Nikamwuliza la nani, akasema hajui, kuna mtu atazaliwa tu, daima yuko mtu.

Kisha akaniuliza kama katika kazi yangu nimewahi kukosea kitu kikashindwa kurudi. Nikadhani amejua. Kumbe alikuwa anajizungumzia mwenyewe. Alisema yeye amewahi, mara moja, na alikaa siku tatu kabla hajamwambia mama wa yule mtoto. Siku tatu zile ndizo anazozijutia kuliko kosa lenyewe. Akahesabu mishono yake, akaendelea.

Nimehesabu zangu. Tangu Jumamosi, sita.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Asubuhi. Naandika kabla hawajafika. Nimelala vibaya. Mama Pacha kanipigia pasi ovaroli. Ovaroli! Kaniwekea na kola. Akasema leo ni siku yangu. Pacha wametaka kuja kuona baba akifunga hedi, nimewakubalia kabla sijafikiri.

Katika droo ya meza nimeikuta ile bolti. Namba saba ya zamani, na tone lake jekundu. Mzee aliitenga na wenzake, kaifunga kwenye karatasi. Nimeitia mfukoni. Sijui kwa nini.

Saa nne na nusu. Niko stoo. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya boksi la filta.

Wamekuja wote. Mkunga kwenye kiti chake. Milimita karibu na geti, kavaa koti, hajawahi kuvaa koti. Mama Pacha kibarazani na watoto. Bloku juu ya stendi, gasketi mpya, hedi mahali pake, bolti kumi zimepangwa juu ya gazeti. Mzee kasimama mbele ya watu, mikono nyuma.

Alimwambia Mkunga. Hakuzunguka hata kidogo. Gari lako nililiharibu mimi. Nilivuta bolti kwa majivuno, nikapasua chuma, na kama ungekuwa njiani ukienda kwa mzazi ungekwama kwa ajili yangu. Naomba radhi. Sifungi tena injini. Mkunga akasema mzee wa watu, gari ni chuma tu. Mzee akasema si chuma.

Kisha akanigeukia. Mbele ya wote.

"Mashimo umepuliza?"

"Nimepuliza, baba."

Maneno yale yale! Yametoka na sauti ile ile. Safari hii ni kweli, na nimejisikia mwongo kuliko siku ile.

Naye akawaambia: "Huyu akisema amepuliza, amepuliza. Miaka kumi na moja sijawahi kuingiza kidole kuhakiki. Mimi mkono wangu umenidanganya, lakini huyu hajawahi kunidanganya." Watoto wangu walipiga makofi. Nimewaona.

Nikasema nafuata rangi. Nimekimbilia huku.

Makopo yako mbele yangu, nyekundu na buluu. La buluu limeganda kifuniko, nimelifungua kwa bisibisi. Ile ile fupi. Nimetoa bolti mfukoni, nimechovya brashi, nimepaka. Tone zima la buluu juu ya jekundu lake, mpaka likafunikwa lote. Sikufikiri. Mkono ulikwenda.

Wanangoja. Nasikia Mkunga anamtania Milimita kuhusu koti. Nasikia Mama Pacha anawanyamazisha watoto. Angeniona sasa hivi angekuja kunipokonya bolti hii kwa mikono yake, na sijui kama ningemlaumu.

Mzee ananiita. Hakusema kijana. Ameita, "Fundi!" Mara ya kwanza tangu nimjue.

Nimeitika naja.

Ningeirudisha mfukoni. Kweli ningeirudisha, nitie buluu kwenye bolti mpya, tuwashe gari, tunywe soda. Lakini rangi ni mbichi. Mfukoni haiingii, ovaroli imepigwa pasi. Itabidi niishike hivi hivi, kiganja wazi, nipite nayo mlangoni.

"Fundi!"

Imeanza kuchuruzika kwenye kidole